Mashahidi Mia Tisa

Mtu aliyekwama ndani ya gari saa kumi na moja ya jioni, katika zile njia zitokazo Mnazi Mmoja kuingia Kariakoo, hana budi kuyatafutia macho yake kazi, maana miguu imefungwa na masikio yamekwisha kinai kwa honi na kwa sauti za wapiga debe. Nami kwa muda mrefu nimejizoeza mchezo usiogharimu senti wala kumuudhi mtu, nao ni kuzisoma namba za magari yaliyo mbele yangu na kuzivunja vipande. Kibao cha gari la Tanzania, kama ajuavyo kila mtu, kina herufi T, kisha tarakimu tatu, kisha herufi tatu. Herufi huziacha, sina haja nazo. Tarakimu zile tatu ndizo nizichukuazo, na zikiwa zimefanya namba shufwa, yaani ya kugawanyika kwa mbili pasipo baki, hujiuliza kama naweza kuipata namba hiyo kamili kwa kujumlisha namba tasa mbili, si zaidi; zikiwa witiri hujipa ruhusa ya kutumia tatu. Hiyo ndiyo sheria yote. Hapana kalamu, hapana simu, na gari la mbele likiondoka kabla hujamaliza, umeshindwa.

Namba tasa, kwa msomaji ambaye darasa lake la hesabu limebaki mbali nyuma, ni ile inayozidi moja na isiyogawanyika sawasawa kwa namba yoyote isipokuwa moja na yenyewe. Anayetaka kuiona kwa jicho na asimame kidogo kwa mama auzaye machungwa kandokando ya Mtaa wa Mkunguni: akiwa na machungwa kumi na mawili juu ya gunia lake, aweza kuyapanga safu mbili za sita sita, au tatu za nne nne, na wanunuzi wawili, watatu, wanne au sita waweza kuyagawana pasipo kunung'unika; lakini akiongeza moja tu yakawa kumi na matatu, hapana mpango uliosalia ila mstari mmoja mrefu, wala hapana ushirika wa watu utakaoyagawana bila kisu, labda washirika wenyewe wawe kumi na watatu. Mbili, tatu, tano, saba, kumi na moja, kumi na tatu: ndizo za mwanzo, na chini ya mia zimo ishirini na tano. Euclid, aliyeandika yapata miaka 300 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, alithibitisha kwamba hazina mwisho. Na Eratosthenes, mkuu wa maktaba ya Iskandaria, akatufundisha kuzichekecha: ziandike namba zote kwa taratibu kuanzia mbili, ufute kila ya pili baada ya mbili, kila ya tatu baada ya tatu, kila ya tano baada ya tano, na kuendelea hivyo, na zitakazosalia juu ya chekeche ndizo uzitakazo.

Tuseme basi mbele yangu imesimama Noah ya kijivu yenye 418. Natoa tatu, inabaki 415, ambayo mkia wake wa tano waifichua mara moja. Natoa tano, inabaki 413, na hapa mwenye haraka hudanganyika, kwa kuwa 413 ina sura zote za namba tasa mpaka uigawe kwa saba upate 59. Natoa saba: 411, nayo tarakimu zake zikijumlishwa ni sita, kwa hiyo ni mali ya tatu. Natoa kumi na moja: 407, ambayo ni kumi na moja mara 37. Natoa kumi na tatu: 405, hiyo haina haja ya maelezo. Natoa kumi na saba: 401. Ijaribu kwa tatu, kwa saba, kwa kumi na moja, kumi na tatu, kumi na saba, kumi na tisa, zote zaikataa. Wala huna haja ya kuendelea mbele, maana ishirini na tatu ikizidishwa kwa nafsi yake ni 529, na hapo imekwisha kuipita. Basi 418 ni 17 na 401, na mwenye Noah hana habari ya heshima aliyofanyiwa.

Zipo zilizo laini, ambazo hutii kwa jaribio la kwanza, na zipo zilizo kaidi. Katika namba shufwa zote za tarakimu tatu, iliyo kaidi kupita zote ni 992. Ukitoa tatu unapata 989, ambayo ni 23 mara 43, na hiyo si rahisi kuitambua kichwani hasa dereva wako akiwa anagombana na mwenye mkokoteni. Ukitoa kumi na tisa unapata 973, ambayo yaficha saba tumboni. Ukitoa 31 unapata 961, ambayo ni hiyo hiyo 31 mara 31, kana kwamba namba yenyewe inakufanyia stihizai. Ukitoa 43 unapata 949, yaani 13 mara 73. Na hivyo hivyo hata namba tasa kumi na tisa zote zimegonga mlango usifunguke, ndipo ya ishirini, 73, inakuachia 919, nayo ni tasa ya haki. Naikumbuka siku nilipoipata 992. Tulikuwa tumesimama penye makutano ya Msimbazi na Uhuru, na kwa mara moja katika umri wangu niliomba foleni isiondoke.

Wafanyabiashara wa pwani hii, tangu zamani, hawakuzipenda namba tasa, na sababu yao ni ya wazi. Kazi ya soko ni kugawa, na kipimo kizuri ni kile kinachovunjika bila kuacha mabishano. Pishi ilikuwa vibaba vinne. Korija ya nguo ni ishirini. Dazeni ni kumi na mbili. Kanga huuzwa kwa doti, ambayo ni vipande viwili, na mpaka leo ukipita Mtaa wa Uhuru utaona zimekunjwa jozi jozi. Rupia ya wakati wa Wajerumani iligawanywa pesa 64, namba inayokatika nusu kwa nusu mara sita mpaka ikabaki moja, hata mwaka 1904 walipoamua kwamba rupia itakuwa hela mia. Na fedha tuliyo nayo mfukoni sasa, ukiichambua kuanzia sarafu ya shilingi hamsini hata noti ya elfu kumi, ile nyekundu waiitayo msimbazi, imejengwa kwa mbili na tano tu. Hapana serikali yenye akili itakayopiga noti ya shilingi 997. Kwa hiyo mchezo huu wa kutafuta jumla kwa namba zilizokataa kugawanyika ni mchezo uliosimama kinyume cha soko, nami nadhani ndiyo sababu unapendeza zaidi ukichezwa katikati yake.

Hata hivyo namba tasa zimo vijiweni, wenyewe wachezaji wasijue. Bao la Kiswahili lina safu nne za mashimo manane manane na kete 64, na hizo 64 zaweza kupatikana kwa namba tasa mbili kwa njia tano: 3 na 61, 5 na 59, 11 na 53, 17 na 47, 23 na 41. Nimewahi kumwambia haya bingwa mmoja wa bao, mzee wa makamo, alipokuwa akingoja zamu yake; akanitazama kwa huruma, akasema, "Sheikh wangu, wewe zihesabu, mimi nitazila." Na dhumna, hiyo waipigayo mezani kwa kishindo wakadhani wanapiga vita, ina vipande 28, na ukijumlisha nukta zote zilizo juu ya vipande hivyo utapata 168, na namba tasa zilizo chini ya elfu moja, ukizihesabu zote, ni 168 vile vile. Hiyo ni sadfa tupu, haina maana yoyote wala haimfaidii mtu, ila nimeshindwa kuinyamazia.

Swali lenyewe, la kama kila namba shufwa inayozidi mbili yaweza kupatikana kwa kujumlisha namba tasa mbili, limeitwa kwa jina la Christian Goldbach, mzaliwa wa Königsberg aliyeingia katika utumishi wa dola ya Urusi, ambaye tarehe 7 Juni 1742 alimwandikia barua kutoka Moscow rafiki yake Leonhard Euler aliyekuwa Berlin, na katika ukingo wa karatasi akaongeza fikira iliyomjia. Mahali hapa petu, wakati ule, palikuwa bado hapajawa Dar es Salaam. Ilikuwa ipite zaidi ya miaka mia moja kabla Sayyid Majid hajaanza kujenga kando ya bandari hii katika miaka ya 1860. Euler alijibu tarehe 30 ya mwezi ule ule. Naye, aliyekuwa mjuzi kupita wote wa zama zake, alisema kwamba kwake jambo hili ni kanuni ya yakini kabisa, ila hana njia ya kulithibitisha. Maneno haya nimeyafikiri mara nyingi kuliko hesabu yenyewe. Mtu asemaye kwamba ana yakini na papo hapo akasema hana burhani, ana kitu gani hasa mkononi?

Nilimpelekea kadhia hii kijana mmoja mwenye duka la vitenge karibu na Mtaa wa Kongo, ambaye kila nipitapo huniamkia vizuri na kunipa kigoda, na ambaye akili yake ya hesabu, ingawa haikupita kidato cha nne, naithamini kuliko ya watu wengi wenye vyeti. Nikamweleza mchezo, akauelewa upesi kuliko nilivyotazamia, akajaribu risiti tatu nne zilizokuwa juu ya kaunta, zote zikakubali. Kisha akaniuliza, "Mzee, imewahi kukataa?"

Nikamwambia, "La. Mpaka sasa haijakataa hata moja."

"Wamejaribu mpaka wapi?"

Nikamwambia kwamba mwalimu mmoja wa Ureno, Tomás Oliveira e Silva, pamoja na wenziwe, wamezijaribu kwa kompyuta namba zote shufwa mpaka kufika nne iliyofuatwa na sifuri kumi na nane, wala haikuonekana iliyokaidi. Akacheka. "Sasa mzee, hapo pana nini tena? Mimi mtu akinilipa mara kumi tu, ya kumi na moja nampa mali kauli."

Wala hakukosea. Soko zima la Kariakoo limesimama juu ya kanuni hiyo. Mteja anatoka Songea, au Lubumbashi, au Ngazija, anapakia mizigo ya mamilioni, anaondoka nayo, na kilichobaki dukani ni jina lake katika daftari na kumbukumbu ya kwamba hajawahi kumdhulumu mtu. Na aghalabu fedha hurudi. Mwenye duka akitaka kwanza ithibati ya kwamba mteja huyu, kwa tabia yake na kwa lazima isiyovunjika, hawezi kamwe kukosa kulipa, atafunga duka kabla ya adhuhuri. Dhana iliyotiwa nguvu na mazoea ndiyo mtaji wake mkubwa. Lakini kijana yule yule, bila mimi kumkumbusha, alinyamaza kidogo akaelekeza kidevu chake upande wa soko kuu, lile jengo la mapaa ya zege yaliyokunjuka kama miavuli ambalo msanifu wetu Beda Amuli alilibuni na ambalo lilifunguliwa mwaka 1975. Kwa zaidi ya miaka 45 lilikuwa linafunguliwa kila asubuhi, na kila asubuhi ilikuwa shahidi mpya wa kwamba kesho nayo litafunguliwa, hata usiku wa tarehe 10 Julai 2021 ulipofika na moto. Hakusema neno. Alitazama tu, akarudi kwenye risiti zake.

Na katika hesabu pia yamepata kutokea, tena kwa Goldbach yule yule. Mwaka 1752, miaka kumi baada ya barua ya kwanza, Goldbach alimwandikia Euler fikira nyingine: kwamba kila namba witiri yaweza kupatikana kwa kuchukua namba tasa moja (wao zama zile waliihesabu hata moja kuwa tasa) na kuiongeza mara mbili ya namba iliyozidishwa kwa nafsi yake, sifuri ikiruhusiwa. Ishirini na moja, kwa mfano, ni tatu na mara mbili ya tisa. Namba 777 ni 769 na mara mbili ya nne. Huu nao ni mchezo mzuri wa garini, na kwa kweli ni mwepesi kuliko wa kwanza, kwa kuwa vya kutoa ni vichache na huvikariri upesi: mbili, nane, kumi na nane, thelathini na mbili, hamsini, na kuendelea. Euler akaufanyia majaribio mpaka 1,000, haukukataa. Baadaye akafika 2,500, haukukataa. Ungepewa jina na heshima ile ile ya ndugu yake. Lakini mwaka 1856 Moritz Stern wa Göttingen, pamoja na wanafunzi wake, walipozidi kwenda mbele wakafika 5,777, na hiyo ikakataa. Ni 53 mara 109, yenyewe si tasa. Na kila ukitoa mara mbili ya namba iliyozidishwa kwa nafsi yake, tangu mbili hata mwisho wa uwezekano, baki haliwi tasa hata mara moja. Wakaipata na ya pili, 5,993. Tangu hapo hadi leo haijulikani ya tatu.

Sasa na nirudi barabarani. Vibao vya magari yetu vina tarakimu tatu, na namba za tarakimu tatu, kuanzia 100 hadi 999, ni mia tisa. Mtu anaweza kukaa penye dirisha la ghorofa Mtaa wa Lumumba maisha yake yote, akazisoma namba za kila gari liingialo na litokalo Kariakoo, Noah na Coaster na fuso za mizigo, akaufanyia majaribio mchezo ule wa mwaka 1752 kwa kila witiri ionekanayo, na asipate hata moja ya kuukanusha. Na mauti yatakapomfikia atawausia watoto wake kwa nia safi kwamba jambo hili ni kweli, amelishuhudia mara elfu mia. Naye atakuwa amekosea. Wala hakukosea kwa uvivu, au kwa kusema uongo, au kwa kuhesabu vibaya. Alikosea kwa sababu Mamlaka ya Mapato hawatoi kibao cha tarakimu nne. Shahidi wa kumkanusha alikuwapo siku zote, ila hakuwa na gari.

Hili ndilo lililoionya akili yangu nisiwe mwepesi wa kumcheka mwanahisabati anayekataa kuridhika na sifuri kumi na nane. Kwetu sisi, wingi wa mashahidi ndio unaotupa utulivu, na kadhi mwenye mashahidi waadilifu wawili hukata hukumu akalala. Mwanahisabati hana ruhusa hiyo, kwa kuwa anachotaka kukihukumu hakina mwisho, na mbele ya kitu kisicho na mwisho mashahidi bilioni na mashahidi wawili wako sawa kwa uchache. Yeye hataki kujua kama umefika. Kufika kila mtu anafika, hata mimi na 992 yangu. Anataka kujua kwa nini haiwezekani kutofika.

Kuna mahali katika ardhi zetu hizi za Afrika Mashariki ambapo mas'ala haya ya mashahidi yamejitokeza kwa sura ya ajabu zaidi. Upande wa mashariki ya Kongo, katika nchi ambayo Kiswahili ndicho lugha ya soko na ya safari, mto Semliki hutoka katika Ziwa Edward karibu na mahali paitwapo Ishango. Na hapo mwaka 1950 Mbelgiji mmoja, Jean de Heinzelin, akichimba makao ya kale ya wavuvi waliotumia vyusa vya mfupa, alipata kijifupa cha urefu wa sentimita kumi hivi, kimechomekwa kijiwe kigumu nchani, na ubavuni mwake kimekatwa mikato mingi iliyopangwa kwa mafungu katika safu tatu. Umri wake unakisiwa kuwa miaka 20,000 au zaidi. Kimehifadhiwa Brussels, katika jumba la elimu ya viumbe, mbali na wajukuu wa waliokikata. Ukiyahesabu mafungu ya safu moja utakuta 11, 13, 17 na 19. Msomaji anayekumbuka somo la machungwa ataruka kitini, kwa maana hizo ndizo namba tasa zote zilizo kati ya kumi na ishirini, hapana iliyoachwa wala iliyozidi. Na zikijumlishwa, nne hizo, ni 60. Safu ya pili ina 11, 21, 19 na 9, ambazo nazo ni 60. Safu ya tatu ina mafungu manane, 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5 na 7, jumla yake 48.

Wapo waliosema kwamba hapa tumeona mchezo wa hesabu wa kale kupita yote, mtu wa ziwani aliyejua namba tasa na kuziunganisha zifike sitini miaka elfu kumi na tano kabla ya Misri kujenga ahramu. Mtafiti Alexander Marshack alisema si hivyo, ni hesabu ya mwezi, na sitini ni karibu ya siku za miezi miwili. Wengine wamesema ni mikato ya kushikia mpini tu usiteleze. Mimi natamani sana la kwanza liwe kweli, na kwa kuwa natamani najihadhari nalo. Kuzitambua namba tasa kwahitaji kwanza kuijua kugawa, na hapana kitu katika mfupa ule kinachoonyesha kugawa. Tena mafungu manne ni mashahidi wachache mno wa kuwaamini hivyo, ikiwa mia tisa wenye vibao na leseni wanaweza kutupotosha. Kilichonivutia mimi ni sitini mbili zile. Mtu aliyekata safu mbili kwa namba mbalimbali, zikafika jumla moja, huenda alifanya hivyo kwa bahati. Lakini kama alikusudia, basi alikuwa amekwisha onja utamu ule ule wa kuifikia namba moja kwa njia mbili, na kwa hilo namhesabu jamaa yangu, awe alizijua tasa au hakuzijua.

Juhudi za wakubwa nitazipita upesi. Mwaka 1937 Ivan Vinogradov wa Urusi alithibitisha kwamba kila witiri iliyo kubwa vya kutosha hupatikana kwa namba tasa tatu. Chen Jingrun wa Uchina, mwaka 1973, akathibitisha kwamba kila shufwa iliyo kubwa vya kutosha ni namba tasa moja na nyingine ambayo ama ni tasa ama ni zao la tasa mbili, na hapo ndipo mtu alipolikaribia swali kuliko mahali pengine popote. Na mwaka 2013 Harald Helfgott wa Peru akatoa ithibati ya kwamba kila witiri inayozidi tano hupatikana kwa tasa tatu, pasipo kusema "kubwa vya kutosha". Kwa hiyo ule mlango wa witiri katika mchezo wangu umefungwa, nacheza nikijua sitashindwa ila kwa uzito wa kichwa changu. Mlango wa shufwa ungali wazi tangu 1742.

Yule kijana wa vitenge, nilipofika hapa, aliniuliza lile swali ambalo tangu mwanzo nilikuwa nikiliona usoni mwake.

"Na mwenye kuithibitisha hiyo anapata nini, mzee?"

Nikamwambia kwamba mwaka 2000 wachapishaji wawili, Faber and Faber wa London na Bloomsbury wa Marekani, walipotoa kwa Kiingereza riwaya ya Mgiriki Apostolos Doxiadis juu ya mzee mmoja aliyeumaliza umri wake akipambana na swali la Goldbach, walitangaza zawadi ya dola milioni moja kwa atakayeleta ithibati.

Akaweka mkasi chini. "Dola milioni moja. Nani alichukua?"

"Hapana aliyechukua. Walitoa muda wa miaka miwili. Ulipokwisha, Machi 2002, zawadi ikafutwa."

"Swali limekaa tangu 1742."

"Ndiyo."

"Na wao wakatoa miaka miwili."

"Miwili."

"Basi hao, mzee wangu, walikuwa wanauza kitabu," akasema, akamgeukia mteja aliyekuwa akiuliza bei ya jora zima.